Kozi ya miezi mitatu ya kuandika programu: inalipa au inalipwa?

Wadau, leo naomba tuweke siasa pembeni tuongelee ajira, ingawa kwa hapa Bongo hivi vitu viwili havikai mbali.

Ukifungua Instagram, au ukipita tu Sinza ukasoma mabango, hufiki mbali kabla ya kukutana na tangazo la kozi ya kuandika programu za kompyuta kwa wanaoanza. Miezi mitatu, huhitaji kujua chochote, cheti mwishoni, na picha ya kijana mwenye laptopu anatabasamu. Mengine yanakwenda mbali zaidi: utalipwa kwa dola ukiwa chumbani kwako Mbagala. (Nasema "kuandika programu" makusudi. Vijana wanaiita kodi, lakini sisi wengine tukisikia kodi tunaanza kutafuta risiti.)

Kwa kuwa watu wanajua nashughulika na takwimu ofisini, swali hili huniletea mimi: je, hiyo kozi ina faida yoyote kwenye maisha ya kazi? Jibu langu ni kwamba ina faida kubwa kwa mtu ambaye tayari ana fani yake, na ina faida ndogo sana kwa anayetegemea kozi yenyewe ndiyo iwe fani. Najua jibu hili litawaudhi wenye vituo. Lakini kuna wazazi wanauza mazao na wengine wanakopa VICOBA kwa ajili ya ada hizi, kwa hiyo tusioneane haya.

Kwanza, hii njia tulishawahi kuipita. Wa umri wangu mtakumbuka mwishoni mwa miaka ya 90 na mwanzoni mwa 2000, kila mtaa ulikuwa na chumba chenye kibao cha mafunzo ya kompyuta. Unafundishwa Windows, Word, Excel, na mwalimu akiwa na bidii anakuongezea Access. Cheti kina muhuri mkubwa kuliko wa mkuu wa wilaya. Waliofaidika ni akina nani? Niliowaona mimi ni makarani, wahasibu na makatibu muhtasi ambao Jumatatu walirudi ofisini wakakuta kompyuta imewekwa mezani na hakuna mwingine anayejua kuiwasha. Waliotoka nyumbani wakarudi nyumbani, baada ya mwaka walikuwa wamesahau hata faili linahifadhiwaje. Mwalimu alikuwa yule yule na cheti kile kile.

Sasa tuje kwenye habari za dola. Ndoto ya kijana wa Afrika Mashariki kuziandikia programu kampuni za Marekani haikutoka hewani. Mwaka 2014 Andela ilianza kazi Lagos, mwaka uliofuata ikafika Nairobi, baadaye Kampala na Kigali. Jamaa walikuwa wanachuja kweli kweli, wanachukua wachache, wanawalipa wakiwa bado wanajifunza, kisha wanawapangia kazi kwenye kampuni za nje. Mwaka 2016 taasisi ya Mark Zuckerberg na mkewe iliongoza uwekezaji wa dola milioni 24 humo. Tukashangilia, na ilistahili kushangiliwa.

Lakini Septemba 2019 Andela ikatangaza kuwaachisha kazi waandishi wa programu wachanga wapatao 250 Nigeria na Uganda, na wengine hadi 170 Kenya wakawekwa kwenye hatari hiyo hiyo. Sababu waliyotoa naomba muisome polepole: wateja wanataka wazoefu, na wachanga wamekuwa wengi kuliko nafasi. Kumbukeni hao "wachanga" walikuwa wamechujwa, wamefundishwa kwa miezi mingi, na wengi wameshagusa kazi halisi. Mtu aliyesoma jioni tatu kwa wiki kwa miezi mitatu anasimama nyuma yao kwenye foleni hiyo hiyo.

Foleni nayo ikarefuka. Novemba 2022 Meta ilipunguza watu 11,000, na Januari 2023 zikafuata Google kwa watu 12,000 na Microsoft kwa 10,000. Hawakuwa wote waandishi wa programu, ila waliokuwamo waliingia sokoni wakiwa na uzoefu wa kutosha. Hata biashara yenyewe ya kozi fupi kule Marekani ilitikisika. Kampuni ya 2U mwaka 2019 ilitoa dola milioni 750 kuinunua Trilogy, iliyokuwa ikiendesha kozi za namna hii kwa kushirikiana na vyuo vikuu. Desemba 2024 hiyo hiyo 2U ikatangaza kuachana nazo. Mtu hatoi milioni 750 za dola halafu akaacha kitu kwa sababu kinauzika vizuri.

Halafu kuna akili mnemba, ambayo wengine wanaiita akili unde. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 mjadala umebadilika kabisa. Februari 2024 huko Dubai, Jensen Huang, mkuu wa Nvidia, aliwaambia viongozi kwamba ule ushauri wa miaka yote kuwa kila mtoto ajifunze kuandika programu sasa umegeuka karibu kinyume chake. Huyu bwana anauza vifaa vinavyoendesha hiyo mitambo, kwa hiyo msikilizeni kama mnavyomsikiliza muuza samaki akisifia samaki wake. Ila tusimpuuze pia. Kazi ambazo mhitimu wa miezi mitatu anaziweza, yaani kutengeneza ukurasa mdogo wa tovuti, fomu ya kujaza au programu fupi ya kujumlisha, ndizo hizo hizo ambazo mtambo unazimaliza kabla chai haijapoa.

Wamarekani wana takwimu moja ambayo mimi naona inaeleza hili kuliko hotuba zote. Ofisi yao ya takwimu za kazi, katika makadirio ya 2023 hadi 2033, inatenganisha makundi mawili. Wapo wale ambao kazi yao ni kuandika programu kwa maelekezo yaliyokwisha kupangwa. Hao ajira zao zilikadiriwa kupungua kwa asilimia 10. Na wapo watengenezaji wa mifumo, wanaoelewa shida ya mteja, wanabuni, wanajaribu na kutunza. Hao wakakadiriwa kuongezeka kwa asilimia 17. Kwetu tofauti hiyo ni kama ya mshona nguo na mtu aliyekaa kwenye cherehani akiendesha kanyagio tu. Kozi ya wanaoanza inakufundisha kanyagio.

Tusidanganyane, hata serikalini cheti hiki hakikufikishi popote. Someni tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira la Afisa TEHAMA Daraja la II. Wanataka shahada, ya sayansi ya kompyuta au fani zinazofanana nayo, kutoka chuo kinachotambulika. Cheti cha miezi mitatu hakina hata mahali pa kukibandika kwenye ile fomu.

Sasa mtasema mjomba huyu kazi yake kukatisha watu tamaa. Subirini.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, ni mtunza kumbukumbu za afya mkoani Morogoro. Anafanya kazi kwa mkataba wa mradi. Tangu Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, wenzake kadhaa walikwishafunga mabegi wakarudi nyumbani. Yeye amebaki, ila mkataba wake unaishia Septemba na hakuna anayemwambia kitu. Ana akiba ya shilingi laki tisa na ushee aliyokuwa anaitunza kuanzia stashahada. Ada ya kozi aliyoiona kwenye simu ni laki tisa kamili. Akanipigia: "Shikamoo mjomba. Niende kwenye programu au nirudi shule?"

Nikamwambia kabla ya kozi anieleze mwisho wa mwezi wake unakuwaje. Basi akaeleza. Wale msiojua, kila kituo cha afya kina vitabu vya MTUHA, ambamo kila mgonjwa anaandikwa kwa mkono. Mwisho wa mwezi vinahesabiwa, vinajumlishwa, na takwimu zinaingizwa kwenye mfumo wa DHIS2, huo huo ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011. Juu ya hapo mradi wao unataka taarifa yake ya ziada. Kwa hiyo mpwa wangu anapokea mafaili 14 ya Excel kutoka vituo 14, anayafungua moja moja, ananakili, anabandika, anahakiki. Siku mbili na nusu, wakati mwingine tatu. Mwezi kituo kimoja kikibadilisha mpangilio wa safu zake, zinakuwa nne.

Hapo ndipo nikasema: kumbe unayo kazi ya kumpa mwanafunzi wa programu! Kuunganisha mafaili 14 yanayofanana ni mistari isiyozidi ishirini ya Python. Kompyuta inaambiwa: chukua faili la kwanza, soma, weka chini ya lililotangulia, nenda la pili, hadi yaishe. Hilo linaitwa mzunguko, na kila kozi ya wanaoanza inalifundisha ndani ya wiki za mwanzo. Kisha anaongeza sharti: kama safu ya umri ni tupu, usinyamaze, niandikie jina la kituo. Siku tatu zinakuwa asubuhi moja, na nyingi kati ya dakika hizo ni za kukimbizana kwa simu na kituo ambacho hakijaleta. Kuwa mkweli kabisa, hata Python si lazima. Ndani ya Excel yenyewe, tangu toleo la 2016, kuna Power Query inayounganisha mafaili bila kuandika mstari hata mmoja. Wenye vituo hawawaambii hilo, kwa sababu nani atalipa laki tisa kwa kitu ambacho kiko kwenye kompyuta ya ofisi?

Akanijibu vizuri: "Sasa mjomba si ChatGPT itaniandikia hiyo mistari ishirini?" Ataandikiwa, ndiyo. Lakini hebu tuangalie kitu kimoja kidogo ambacho kimenitesa mimi mwenyewe kazini: tarehe. Karani wa kituo ameandika 03/04, akimaanisha tarehe 3 Aprili kama tunavyoandika sote. Kompyuta iliyowekwa mipangilio ya Kimarekani inasoma Machi 4. Na 25/04 haiwezi kuisoma kabisa kwa sababu hakuna mwezi wa 25, kwa hiyo inaiacha kama maneno. Mtambo ulioandika hiyo programu haujui Morogoro wanaandikaje tarehe kama hukuuambia. Programu inakimbia bila kulalamika, jedwali linatoka zuri, na wagonjwa wa Aprili wa siku 12 za mwanzo wametawanyika kwenye miezi mingine, ukitoa wale wa tarehe 4 tu. Taarifa za namna hiyo ndizo watu wanazitumia kupanga mahitaji na kuagiza dawa Bohari ya Dawa. Dawa za malaria zikija pungufu, hakuna mtu atakayekumbuka kwamba ilikuwa tarehe.

Anayeweza kulikamata kosa hilo ni mtu mwenye vitu viwili. Ajue kwamba kituo fulani Aprili hakiwezi kuwa na wagonjwa 40 wakati mvua zinanyesha na mbu wamejaa. Na aweze kusoma ile mistari ishirini akaona mahali tarehe inaposomwa. Kitu cha kwanza mpwa wangu anacho, amekipata kwa miaka mitano ya kufungua vile vitabu. Cha pili ndicho kozi ya wanaoanza inaweza kumpa. Kijana aliyetoka kwenye kozi bila kuwahi kukigusa kitabu cha MTUHA ana cha pili peke yake, na hicho peke yake ndicho kimekuwa rahisi. (Na jamani, msibandike majina ya wagonjwa kwenye hiyo mitambo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ilianza kutumika Mei 2023.)

Kwa hiyo nikamshauri hivi: akiba yako ipeleke stashahada, kwa sababu utunzaji wa kumbukumbu za afya una nafasi serikalini na cheti chake kinahesabika. Programu anza nayo bure. Kozi ya CS50 ya Harvard, ya David Malan, iko mtandaoni, na ipo hata ya Python peke yake. Hulipi kitu kama hutaki cheti chao cha kulipia. Jipe wiki sita, jioni, na mafaili yako mwenyewe kama zoezi, ukishayaondoa majina. Ukiona wiki ya pili unaichukia, umeokoa laki tisa.

Hakukubali haraka, na hoja yake ina uzito. "Mjomba, stashahada ni miaka mitatu. Septemba ni kesho." Hapo sikuwa na jibu la kumfunga mdomo. Mtu ambaye kodi ya nyumba inamsubiri huwezi kumwambia avumilie miaka mitatu kirahisi rahisi. Na laki tisa ni ada ya kuanzia tu, mwaka wa pili utalipwa na nani? Bado anafikiria, nami namheshimu kwa hilo. Nilichomwomba ni kwamba kabla hajatuma hiyo hela, akiulize kile kituo maswali matatu: wahitimu wa mwaka jana wangapi wanalipwa leo kwa kazi hiyo, naweza kuona walichokitengeneza, na mwalimu amewahi kutengenezea nani mfumo unaotumika? Akauliza. Wakamtumia picha za mahafali.

Kuna gharama nyingine hazitajwi kwenye matangazo. Laptopu, kwanza. Wengi wanajiandikisha wakiwa na simu, wakidhani kituo kitatosha. Saa sita za darasani kwa wiki hazimfanyi mtu ajue kitu hiki. Kinajulikana usiku, peke yako, programu inapogoma na hujui kwa nini. Bila mashine nyumbani unakuwa mwanafunzi wa kuogelea anayesoma ubaoni. Ukijumlisha laptopu iliyotumika ya Kariakoo, bando la kila wiki na umeme, ada inaweza kuwa nusu tu ya safari.

Pili ni lugha. Maneno ya Python ni ya Kiingereza, lakini hayo ni machache, mtu anayakariri. Shida ni ujumbe wa makosa. Programu ikikwama inaandika aya nzima ya Kiingereza kikavu ikieleza mstari gani umekosewa, na mwanafunzi aliyesoma kwa kubahatisha anaifunga bila kuisoma. Nimewaona vijana wenye akili kabisa wakishindwa kwa sababu hii tu, wakaamini kwamba hawana kichwa cha kompyuta. Kituo kinachokaa na mwanafunzi na kumfundisha kuzisoma zile aya, kwa Kiswahili, mimi ningekilipa kwa moyo mweupe. Mkikijua nitajieni.

Na ambaye hana kazi kabisa je? Kijana wa kidato cha nne au cha sita, yuko nyumbani? Kwake ningesema atafute kwanza mahali penye karatasi nyingi. Duka la dawa, ghala, SACCOS, shule, chama cha ushirika cha korosho. Ajitolee hata bila malipo kwa muda, aone watu wanahangaika na nini, ndipo ajifunze programu kwa ajili ya hangaiko hilo. Najua kujitolea bila nauli ni kugumu, wapo wanaolitumia neno hilo kunyonya vijana. Ila nimewahi kukaa upande wa wasaili tukitafuta msaidizi wa takwimu. Waombaji kadhaa walikuja na vyeti vya Python. Tuliwapa faili bovu, lenye tarehe mchanganyiko na bei zilizoandikwa kwa maneno, tukawapa saa moja. Aliyelimaliza alikuwa kijana aliyekuwa akiuza vipuri vya pikipiki, ambaye alijitengenezea mwenyewe jedwali la hesabu za duka kwa sababu mzani wa mauzo na stoo ulikuwa haukubali. Cheti alikuwa nacho kimoja, cha kuzaliwa.

Wakenya nao wamechagua njia yao. Mwaka 2022 waliidhinisha somo la kuandika programu lifundishwe shuleni, na walijitangaza kuwa wa kwanza Afrika. Mimi hilo naliunga mkono kuliko kozi za laki tisa, kwa sababu mtoto wa darasa la tano haahidiwi mshahara. Anajifunza kama anavyojifunza hesabu, na baadaye akiwa nesi au fundi umeme atajua kompyuta inaweza kuagizwa nini. Hapo ndipo ningetamani mjadala wetu uende, badala ya kuachia mabango ya Sinza yatupangie.

Uwanja ni wenu. Mliopita kwenye kozi hizi, iwe Dar, Mwanza, Arusha au Nairobi, naomba mtuambie kitu kimoja tu: baada ya cheti, hela ya kwanza ilitoka wapi, na ilichukua miezi mingapi? Na mnaoajiri, semeni mnachokitazama kwenye ile bahasha. Mpwa wangu anasoma humu.

Nawasilisha.